Jinsi ya Kuanzisha Programu za Elimu na Utamaduni kwa Watu Wazima Maktabani

Jioni ya kwanza ya darasa letu la kompyuta, mzee mmoja alisimama kwenye rafu ya magazeti iliyo jirani na mlango wa chumba tulichokuwa tunafundishia. Alishika gazeti lilelile kwa karibu dakika 40 bila kufunua ukurasa. Darasa lilipoisha akanifuata kaunta, akaniuliza kwa sauti ya chini kama maktaba inaazimisha miwani. Wiki iliyofuata alirudi palepale kwenye magazeti. Safari hiyo niliacha mlango wazi na kuweka kiti kimoja kizingitini, mahali ambapo mtu anaona ubao lakini hahesabiki kuwa amejiunga. Akakikalia. Wiki ya tatu alikuwa ndani, mstari wa mbele, akiuliza maswali kuliko wote.

Mtoto huletwa maktabani na mzazi au mwalimu. Mtu mzima hujileta mwenyewe, na njiani anakutana na vizuizi viwili: muda na haya. Muda tunauzungumzia sana, haya tunaisahau. Karibu kila programu niliyoiona ikifa ilikuwa na mada nzuri kabisa, ila aliyeipanga hakujiuliza mhusika atatoka wapi saa ile, na ataonekanaje akiingia.

Hatua ya kwanza: daftari chini ya kaunta

Kabla hujafikiria mada yoyote, weka daftari la kawaida chini ya kaunta kwa wiki 4. Kila swali linaloulizwa na mtu mzima liandikwe kwa maneno yaleyale aliyoyatumia, bila jina lake. Utapata mistari ya namna hii:

"Nisaidie kujaza hii fomu, mimi sijaleta miwani."
"Nikituma hii barua pepe nitajuaje imefika?"
"Mna kitabu cha hesabu za sehemu? Ni cha mwanangu, ila na mimi nimezisahau."

Soma tena mistari hiyo ukiwa umetulia. Wa kwanza pengine hana tatizo la miwani. Wa tatu anataka hesabu za watu wazima, na mtoto ni kinga tu. Hapo tayari una programu 2, na hakuna hojaji ambayo ingekupa hizo. Nimeshagawa hojaji zenye vijisanduku vya kuwekea alama: afya, ujasiriamali, lugha, bustani. Watu waliweka alama kila mahali, kwa kuwa alama haimgharimu mtu kitu, na siku ya kwanza wakaja wawili. Ukitaka kuuliza, uliza jambo lililokwisha kutokea. "Mwezi uliopita ni kitu gani ulilazimika kumwomba mtu mwingine akufanyie?" Kisha: "Juzi saa 12 jioni ulikuwa wapi?" Jibu la swali la pili ndilo litakalokupangia ratiba.

Wasiofika maktabani wafuate wanapokaa kusubiri: kituo cha basi, zahanati, nje ya shule watoto wanapotoka. Mtu anayesubiri hujibu kwa utulivu. Usiende na fomu mkononi. Fomu inanuka ukaguzi.

Hatua ya pili: chagua mbili, uache nyingine

Kishawishi kikubwa ni kuanza na ratiba iliyojaa wiki nzima. Anza na programu moja ya kujifunza na moja ya utamaduni, basi. Zinahitajiana. Darasa humleta mwenye haja, na haja ikiisha huondoka. Jioni ya mashairi au ya simulizi humpa sababu ya kurudi akiwa hana haja yoyote, na humkutanisha na watu ambao hawangethubutu kuingia darasani. Ukizipanga kwa busara, anayejifunza kuandika kwenye programu ya kwanza atakuwa na jukwaa la kusomea maandishi yake kwenye ya pili.

Bodi au halmashauri inayosimamia maktaba inaweza kuuliza kwa nini jengo la vitabu liendeshe madarasa. Usibishane, wapelekee Ilani ya Maktaba za Umma ya UNESCO na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1949, ikapitiwa upya mwaka 1972, 1994 na 2022. Inaitaja elimu ya maisha yote miongoni mwa kazi za msingi za maktaba, na inasema kwamba kimsingi huduma ziwe za bure. Ni kurasa chache tu. Zichapishe, pigia mstari sehemu hizo mbili, ambatanisha na ombi lako.

Hatua ya tatu: saa

Siku ileile, saa ileile, kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Mtu mzima hakariri ratiba inayohamahama. Kipindi kisizidi dakika 90, na kianze kwa wakati hata kama amefika mtu mmoja. Ukiwasubiri wachelewaji umemwadhibu aliyewahi, na wiki ijayo naye atachelewa.

Kozi ndefu ya wiki 12 inapendeza kwenye karatasi. Mwenye kazi ya zamu hukosa wiki ya tatu, wiki ya nne anaona aibu kurudi akiwa nyuma, na ndiyo kwaheri. Panga mafungu ya vipindi 4, na kila kipindi kijitegemee kiasi kwamba aliyekosa cha pili anaingia cha tatu bila kuulizwa alikuwa wapi. Usimwulize kweli. "Karibu" inatosha.

Watoto nao. Ukiona akina mama wanajiandikisha halafu hawaji, tazama saa ulizopanga, kisha tafuta mtu wa kuwasomea watoto hadithi chumba cha pili katika muda uleule. Kwetu hilo peke yake lilijaza viti kuliko matangazo yote.

Hatua ya nne: programu zenyewe

*Simu na kompyuta.* Hili ndilo darasa linaloombwa kuliko yote na linaloharibiwa kwa urahisi kuliko yote. Usifundishe "utangulizi wa kompyuta". Fundisha jambo moja kwa kipindi kimoja: kutuma picha kwa barua pepe, kujaza fomu ya mtandaoni, kutambua ujumbe wa kitapeli. Mtu atoke akiwa amelifanya mwenyewe mara 3. Kama anatumia simu, ajifunzie kwenye simu yake, kwa kuwa ndiyo atakayokuwa nayo nyumbani.

Kipindi cha dakika 90 mimi hukigawa hivi. Dakika 10 za mwanzo ni za kufika, kuwasha vifaa na kusalimiana. Dakika 10 zinazofuata naonyesha jambo zima kwenye projekta, polepole, bila mtu kugusa chochote. Kisha dakika 25 wanalifanya hatua kwa hatua pamoja nami. Dakika 25 nyingine wanalirudia peke yao, na hapo ndipo kazi ilipo, maana ndipo wanapokwama. Zilizobaki ni za maswali yao binafsi, yale ambayo mtu hawezi kuyauliza mbele za wenzake.

Msaidizi mmoja kwa watu 4 au 5, na kila msaidizi aape kutotia mkono kwenye kipanya wala simu ya mwanafunzi. Nilikuwa na kijana mmoja wa kujitolea, hodari kweli, ambaye kila mtu akikwama alimnyang'anya kifaa, akabofya mara tatu, akakirudisha: "Tayari." Wanafunzi wake walimsifu sana, na baada ya mwezi hawakuwa wamejifunza kitu. Nikamwomba afundishe akiwa ameshika mikono yake nyuma. Wiki ya kwanza alitaabika kuliko wanafunzi.

Neno la siri la mtu haliandikwi na msaidizi, halitamkwi kwa sauti, wala halibaki kwenye kikaratasi mezani. Mwisho wa kipindi kila mmoja ajitoe kwenye akaunti yake mbele yako. Na karatasi za maelekezo zichapwe kwa herufi za ukubwa wa 14 au 16. Baada ya miaka 40 hivi macho mengi huanza kusumbuka na maandishi ya karibu, na hakuna atakayekuambia kwamba hayaoni.

*Kisomo.* Hapa haya ni kali kuliko popote, kwa hiyo usiliite darasa la kisomo mlangoni, na usilifanyie ukumbini. Wawili wawili kwenye meza ya kona, saa ambazo maktaba imetulia, inatosha. Njia ninayoipenda ni ile ya Mbrazili Paulo Freire, ambaye miaka ya mwanzo ya 1960 alifundisha wafanyakazi na wakulima kwa maneno yaliyotoka kwenye maisha yao wenyewe badala ya vitabu vya watoto. Mojawapo lilikuwa neno la Kireno la tofali. Kiswahili kinafaa mno kwa njia hiyo, kwa sababu silabi zetu ziko wazi. Chukua fundi ujenzi, mwandikie TOFALI. Muulize kwanza habari za tofali: linafyatuliwaje, nani anafaidika nalo. Kisha likate: to, fa, li. Panua kila kipande: ta te ti to tu, fa fe fi fo fu, la le li lo lu. Mwache acheze nazo. Dakika chache baadaye ataunda *lala*, *futa*, *lete*, *tele*, *tatu*. Siku moja mwanafunzi wangu alinyamaza muda mrefu akiutazama mstari wa silabi, kisha akaweka kidole kwenye *ta*, akakipeleka kwenye *fu*, akakirudisha kwenye *ta*. Tafuta. Alilisoma mara tano mfululizo.

*Klabu ya usomaji.* Klabu nyingi hufa kwa kazi ya nyumbani. Ukimwambia mtu asome kurasa 300 kabla ya mwezi ujao, asiyemaliza hatakuja kukuambia kwamba hakumaliza. Someni palepale: hadithi fupi au sura moja, kwa sauti, kwa zamu, na anayetaka kupita zamu yake apite bila maelezo. Nusu ya kwanza kusoma, nusu ya pili mazungumzo. Usianze na "mwandishi alimaanisha nini?", hilo ni swali la mtihani na kila mtu atarudi darasa la saba. Anza na "ni wapi ulipokasirika?" au "ungekuwa wewe, ungemfungulia mlango?"

Ukipenda mfano wa kale, watazame Waswidi. Oscar Olsson alianzisha duara la masomo huko Lund mwaka 1902: watu wachache wanaokutana mara kwa mara, wanasoma kitabu kimoja na kukijadili, wakiwa na kiongozi wa mazungumzo lakini si mwalimu. Viti kwenye duara vinabeba nusu ya kazi hiyo. Viti vikiwa kwenye mistari, kila anayesema anasema na wewe. Vikiwa kwenye duara, wanasemezana.

*Jioni za utamaduni.* Mashairi, ngano, muziki, maonyesho ya picha za zamani za mahali penu zilizoletwa na wenyeji wenyewe. Hii ya picha ni rahisi na haishindwi: kila mtu alete moja, aieleze kwa dakika 3. Skani picha papo hapo na umrudishie mwenyewe yake, kisha umwombe ridhaa ya maandishi kabla hujaiweka kwenye kumbukumbu za maktaba. Kwa mashairi, weka kengele au ishara ya muda na usiwe na huruma nayo. Mshairi mmoja asiyejua kushuka jukwaani anaweza kukuulia usiku mzima.

Jaribu pia vitabu hai. Wazo hili lilizaliwa Denmark mwaka 2000, katika tamasha la Roskilde: badala ya kitabu unaazima mtu, mnakaa mnazungumza kwa nusu saa hivi juu ya maisha ambayo wengine huyahukumu kwa mbali. Aliyewahi kufungwa, mkimbizi, kiziwi, mjane kijana. Maandalizi yake ni marefu kuliko yanavyoonekana. Kaa na kila "kitabu" mapema, mkubaliane maswali ambayo hatayajibu, mpe haki ya kusimama na kuondoka wakati wowote, na uwe na mtu anayezunguka akisikiliza kwa sikio la pembeni.

Filamu zinapendwa, ila hapo kuna mtego. Kuwa na nakala halali, au kulipia huduma ya kutazama mtandaoni, hakukupi ruhusa ya kuionyesha filamu hadharani, hata kama kiingilio ni bure. Omba ruhusa kwa mwenye hakimiliki, au tumia kazi zenye leseni za Creative Commons (ruhusa ambazo mwenye kazi huzitoa mapema kwa umma) zinazoruhusu matumizi hayo, au zile ambazo muda wake wa hakimiliki umekwisha. Kwa vitabu, Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka ulinzi usiopungua miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na nchi nyingi zimefikisha 70. Angalia sheria ya kwenu kabla ya kutoa nakala za hadithi nzima.

Hatua ya tano: watu wa kufanya nao kazi

Wenye ujuzi wamejaa kwenye orodha yako ya wanachama: walimu wastaafu, wauguzi, mafundi, wanafunzi wa vyuo. Mwombe mtu jambo lenye mwisho. "Utusaidie vipindi 4, Jumatano 4" hupata jibu. "Uje utusaidie maktabani" hupata tabasamu. Andikianeni karatasi moja: tarehe, mada, nani analeta vifaa, nani anapigiwa simu kukiwa na dharura. Kabla hajakabidhiwa kundi, akae kipindi kimoja nyuma ya chumba akitazama.

Kwenye mada za sheria, afya na fedha weka mpaka mapema. Maktaba inatoa taarifa na kumwelekeza mtu kwa mtaalamu. Haimwambii anywe dawa gani wala asaini mkataba gani. Mgeni anayekuja kuzungumzia akiba huku mfukoni ana fomu za kampuni yake, mwambie tangu kwenye simu kwamba hakuna kuuza wala kuchukua namba za watu. Niliwahi kuona haya kumwambia hivyo mtoa mada mmoja, na kwa miezi miwili baadaye waliohudhuria walinilalamikia kwamba anawapigia.

Hatua ya sita: tangazo

Linganisha haya mawili.

"Maktaba inawatangazia watu wazima wasiojua kutumia kompyuta kwamba kutakuwa na mafunzo ya msingi ya TEHAMA."

"Una fomu ya kujaza mtandaoni? Njoo nayo. Jumatano saa 11 jioni, chumba cha chini, mlango wa bustanini. Bure. Simu yako inatosha."

La kwanza linamtaka mtu akiri upungufu wake mbele ya wanaosoma ubao wa matangazo. La pili linataja shughuli yake, linamwonyesha mlango na kumwondolea hofu ya gharama na vifaa. Liandike la pili, kisha usilitegemee. Anayeleta watu ni mtu: fundi cherehani anayemwambia mteja wake, mhudumu wa kaunta anayesema "hilo swali lako tunalifanyia Jumatano." Wape wote wa kaunta ratiba ya mwezi waijue kwa kichwa, na usimsahau mlinzi wa getini, maana ndiye anayeulizwa kwanza, na jibu lake la "sijui" linatosha kumrudisha mtu nyumbani.

Siku yenyewe, na baada yake

Fika saa moja kabla. Washa projekta, si kuitazama tu. Ya kwetu iliwahi kuwaka vizuri kabisa na kukataa kusoma kompyuta ya mgeni kwa kukosa kiunganishi kidogo tu cha waya. Uwe na njia ya kuendesha kipindi umeme ukikatika. Kagua mlango, ngazi, choo na mwanga, ukijiweka mahali pa mtu anayetembelea mkongojo. Viti vitoe vichache kuliko unaowatarajia. Kuongeza viti kunachangamsha watu, ila viti vitupu huwafanya waliokuja wajione wamekosea.

Wakija watatu, endesha kipindi cha watu watatu kwa moyo wote. Wala usiwaombe radhi kwa uchache wao.

Kwenye daftari la mahudhurio safu tatu zatosha: jina analotaka kuitwa, ni mara yake ya ngapi, amesikia wapi. Namba ya simu ni hiari, na daftari lisizungushwe kila mtu akasoma namba za wenzake. Ukiongeza elimu, umri na anwani utawafukuza walewale uliowatafuta. Mwisho wa fungu la vipindi 4, hesabu waliorudi kabla ya kuhesabu waliokuja. Watu 40 wa siku moja wanapendeza kwenye picha ya ripoti. 9 waliorudi mara 4 ndio wanaokuambia programu iko hai. Ongeza swali moja wanapotoka: "Kuna kitu ulichokifanya wiki hii ambacho mwezi jana hungekifanya?" Majibu yao, kwa maneno yao na bila majina, ndiyo yatakayoibeba ripoti yako mbele ya wafadhili.

Na programu isiyorudisha watu baada ya mafungu mawili, ibadilishe saa kwanza, kisha mada. Ikikataa, ifunge kwa heshima. Usiiache ipotee kimyakimya hadi mtu mmoja aje Jumatano akute chumba kimefungwa. Waambie waliobaki wiki mbili kabla, bandika karatasi mlangoni, na kwenye karatasi hiyo andika siku na saa ya programu nyingine wanayoweza kuhamia. Kile kiti cha kizingitini usikiondoe.